Kijiko cha Kwanza cha Mama Mkwe

Daktari aliniambia mwili utazoea. Alisema hivyo akiangalia saa, kisha akanipa kichupa chenye mawe matatu yaliyotoka kwenye mfuko wangu wa nyongo, utadhani nimeshinda zawadi. Mfuko wenyewe walikuwa wameutoa. Sasa nyongo yangu haina pa kukaa, inachuruzika tu tumboni kutwa, na nikila kitu chenye mafuta hainipi hata nusu saa. Mimi, fundi wa nguo ninayeheshimika pale Mumbuni, namwacha mteja amesimama na tepu shingoni, natoka mbio kama mwizi.

Miezi mitatu ilienda hivyo. Nilijua kila choo cha mjini, kipi kina maji na kipi mlango haufungi. Nilichoka, jamani, uchovu ambao hata kulala hakuuondoi.

Mume wangu anafanya kazi Mlolongo na hurudi wikendi. Ndiye aliyeniambia, "Mama anauliza mbona huji." Mama yake anakaa Muthetheni. Sikuwa nimekanyaga huko tangu Krismasi, siku maumivu yaliponishika mara ya kwanza. Nilikuwa nyumbani kwake, mbele ya ukoo mzima, na sahani ya mbuzi aliyonipakulia kwa mkono wake ilikuwa bado mapajani mwangu. Nilianguka nikitapika, wakanibeba mpaka kwenye gari. Sikuwahi kujiuliza yeye alibaki na nini gari lilipoondoka.

Basi Jumamosi moja tukaenda. Alikuwa amenichinjia jogoo. Supu ililetwa mafuta ya manjano yakielea juu, pamoja na muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, umekaangwa mpaka unang'aa. Majirani wawili walikuwa wamekuja kunipa pole. Walikaa na vikombe vya chai mezani, macho yao kwenye mikono yangu.

"Mwaitu," nikamwambia, maana ndivyo tunavyowaita mama zetu, "asante sana, lakini daktari amenikataza mafuta. Nipe tu chai ya rangi."

Kwetu ukikataa chakula cha mtu, hasa ukiwa uliwahi kuugulia hapo hapo kwake, umeshamshtaki kwamba ametia kitu ndani. Nami nilijua, nimezaliwa hapa hapa Ukambani, lakini uchovu ulikuwa umenifanya mjinga. Nikatoa kile kichupa mkobani nikidhani ndio nimemaliza maneno. Jirani mmoja akakitikisa karibu na sikio.

"Na haya mawe," akauliza, "yaliingiaje?"

Mama mkwe akainuka. Akachukua kijiko changu, akachota supu kwenye bakuli langu, akanywa. Akachota muthokoi, akautafuna polepole, akameza akiwatazama wale wawili. Kisha akarudisha kijiko mbele yangu.

Haya, ningefanyaje? Nilikula. Mume wangu alinikanyaga mguu chini ya meza niache, nikazidi kula, mpaka bakuli likabaki mifupa.

Majirani hawajaondoka, nilikuwa nishafika chooni, nyuma ya zizi la mbuzi. Nikarudi, nikaenda tena. Mara ya tatu nilimsikia mama mkwe nje ya mabati, amekuja na jagi la maji.

"Kwani huwa ni hivi?"

"Kila nikila mafuta, mwaitu."

"Na ulijua, na umekula yote?"

"Nimekula yote."

Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Tangu Krismasi hakuna mtu amekula kwangu. Hata hao wawili, umeona wamegusa chai?"

Kweli, vikombe vilikuwa vimejaa mpaka vikafanya utando. Nililia mle mle chooni, na harufu yote ile. Nikamwambia pole kupitia mabati, naye akaniambia pole.

Sasa naenda kila mwezi. Ananipikia kunde bila mafuta, viazi vitamu, na kuku aliyetolewa ngozi. Hata daktari hakudanganya sana, maana juzi nilikula andazi zima na nikabaki nimekaa kwenye cherehani yangu. Lakini kabla sijala kwa mama mkwe, hata tukiwa sisi wawili tu jikoni, yeye huchukua kijiko changu akaonja kwanza.

"Mwaitu, acha," nilikuwa nikimwambia. "Mimi najua hakuna kitu."

"Najua unajua," alikuwa akinijibu, na kijiko kishaingia mdomoni.

Siku hizi nimechoka kumkataza. Nakaa tu, namngojea ameze.