Nani Anaulisha Mwani Huu?

Fundi Baridi hajawahi kushindwa na kitu chenye plagi. Friji lililokufa, lililokwisha geuzwa kabati la viatu, yeye akilitia mkono linanguruma mpaka jirani anauliza kulikoni. Kwa hiyo aliponunua tangi la kioo la samaki wa maji chumvi na kulisimika sebuleni kwake, hakuona ajabu. Aliwaambia mafundi wenzake karakana kwamba bahari nayo ni mashine tu: ina pampu, ina taa, ina joto la kupima. Wenzake walimtazama kama unavyomtazama mtu aliyekwambia anafuga mvua.

Tangi lilikaa pale lilipokuwa kabati la vyombo la mkewe, lile la milango ya vioo ambalo vikombe vyake havinywewi chai, vinatazamwa. Mke alikubali kabati lihamie koridoni, lakini alitoa sharti huku anakung'uta kitambaa cha meza, taratibu, bila ugomvi, na mwanamke akisema taratibu jua amekwisha kata shauri.

"Baba watoto, mwezi huu ukiisha sebule yangu ikiwa inatia kinyaa, bahari yako inatoka na kabati langu linarudi."

Baridi alicheka. Angejua angelia.

Mwanzoni mambo yalikuwa mswano. Ndani ya tangi mlikuwa na mchanga, mawe ya baharini, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na tumbawe laini la ukubwa wa ngumi. Asubuhi taa ikiwaka, tumbawe lilifungua vidole vyake kimoja kimoja kama mtoto anayeamka. Baridi alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kusema. Chai yake aliinywa wima, mbele ya kioo.

Halafu mchanga ukaingia vumbi la kahawia. Hilo halikumtisha, maana muuza samaki alikwisha mwambia kwamba tangi jipya lina utoto wake: litajichafua kwanza, kisha litakua. Alimwonya pia asiwashe taa kutwa, jua la dirishani lisiligonge, maji ya bomba asiyatie bila kuyachuja, na zaidi ya yote asilishe ovyo, kwa sababu chakula kisicholiwa huoza kikawa mbolea. Na Baridi, mtu ambaye hata daktari hamsikilizi, alimsikiliza muuza samaki. Alifunga pazia. Taa aliipa saa chache tu. Samaki aliwapa kibano cha vidole viwili, leo wakila kesho wanapumzika.

Vumbi likaondoka. Zikaja nywele.

Nywele za kijani, ndefu, laini, zikaota juu ya mawe, zikaota kwenye pampu, zikaota hata juu ya kipimajoto. Mwani gani huo usio na adabu! Baridi alinyofoa, akafyonza kwa mpira, akabadilisha maji, akainuka na mgongo unaolia. Baada ya siku chache nywele zilikuwa zimerudi na jamaa zao. Alinunua konokono wa kuzila. Wale konokono walijitahidi siku ya kwanza, kisha wakaona kazi imezidi mdomo, wakajibandika kwenye kona ya kioo wakatulia kama watumishi wanaongoja pensheni. Na tumbawe, maskini, manywele yakalizunguka shingoni. Likaacha kufungua vidole.

Baridi alikwenda kwa muuza samaki akiwa amevimba kama andazi. Alimwambia mawe yake ni mabovu, konokono wake wavivu, na ushauri wake wa kubahatisha. Muuza samaki alimwacha akatema yote, kisha akauliza swali dogo: nani mwingine anawalisha? Baridi nusura apindue meza. Nyumbani kwake? Kinyume cha amri yake mwenyewe? Mke kazini, watoto shuleni, nyumbani anabaki mama mkwe peke yake, aliyekuja kukaa nao tangu goti lilipomsumbua, mama mpole, wa heshima zake, asiyegusa cha mtu.

Basi akarudi zake na hasira bado mbichi.

Siku ya pili, mchana, alipita nyumbani kuchukua bisibisi aliyoisahau. Mlango wa sebule ulikuwa nusu wazi. Pazia lilikuwa wazi lote. Jua lilikuwa limeingia ndani ya tangi kama limealikwa. Na mama mkwe, miwani puani, kopo la chakula mkononi, alikuwa anatikisa juu ya maji kama mtu anayetia chumvi kwenye sufuria ya harusi, huku anawabembeleza: kuleni wanangu, kuleni, msimamizi wenu hayupo.

Sasa niambie, ungefanya nini? Mama mkwe hakemewi. Mama mkwe hata ukimkuta amekalia kofia yako unaondoka kichwa wazi. Baridi alirudi kinyumenyume hadi barabarani, bila bisibisi. Jioni alimweleza mkewe jikoni akitaka ampelekee ujumbe. Mke aliendelea kukatakata vitunguu. Alisema tangi ni la nani? Na mwezi umebaki wiki moja, asisahau.

Ndipo Baridi akaenda kusimama mbele ya kioo, mgongo kwa mama mkwe aliyekaa kwenye kiti chake, akawaambia samaki kwa sauti ya kutosha nyumba mbili:

"Nyie samaki, mwambieni huyo anayewashibisha mchana kwamba mnachobakiza kinaoza, kikioza kinalisha haya manywele, na manywele yanamnyonga ndugu yenu pale kwenye jiwe."

Mama mkwe naye akawaambia samaki:

"Na nyie samaki, mwambieni huyo anayewanyima kwamba mimi sijapata kuona bwana wa nyumba anakunywa chai wima mbele ya wenye njaa."

Jikoni mke aliziba mdomo na kitambaa cha vyombo, lakini mabega yalimsaliti. Hiyo ndiyo iliyomchoma Baridi. Aligeuka.

"Mama, unaniulia tangi langu!"

Limetoka. Tangu amuoe binti yake hajawahi kumrushia neno la namna hiyo. Mama mkwe alivua miwani, akaikunja.

"Mgeni siku ya tatu hupewa jembe, baba. Mimi nina miezi hapa. Nikishika ufagio, mama pumzika. Nikishika sufuria, mama goti. Nani ananihitaji humu ndani? Hao wawili wakiniona tu wanakuja juu wamefungua midomo. Na hao nao nisiwape?"

Baridi alitaka kuomba radhi. Ulimi ukakataa, maana hasira yake ilikuwa bado ya moto, na bado ilikuwa ya haki. Badala yake alikwenda bafuni, akarudi na ndoo, mpira wa kufyonzea na mswaki wa zamani, akaviweka miguuni pa mama mkwe, kwa kishindo kidogo.

"Haya mama. Jembe hilo hapo."

Mama alivitazama. Kisha akasogeza kiti, akakunja mkono wa gauni, akatia mswaki majini, akauzungusha taratibu kama anayekunja uzi. Mwani ukajisokota, ukang'oka mzima. Baridi, ambaye alikuwa anaunyofoa kama mtu anayegombana na nyasi, alishika mpira akafyonza vipande vilivyobaki.

Tangu hapo pazia halifunguliwi, na kopo la chakula linalala mfukoni mwa gauni. Kila asubuhi mama mkwe anapita mawe jiwe kwa jiwe. Ulipoisha mwezi mke alikuja kukagua, akainama, akakuta tumbawe limefungua vidole vitatu na kingine kinajishauri. Hakusifu. Alikwenda koridoni akafuta vumbi la kabati lake, basi.

Baridi angefurahi, kama si dharau. Maana juzi alisimama na chai yake, akaona samaki wanamtazama, akanyoosha mkono kuomba kopo.

"Walikula jana," mama mkwe alisema. "Na sogea, unanikinga mwanga wa taa."

Nyumba yake, tangi lake, samaki wake! Alisogea.