Mkwe Wangu Alipokuja Kusikiliza

Pale Turwa, mjini Tarime, kuna nyumba iliyojengwa miaka ya mwanzo ya uhuru, ramani yake ikichorwa na Mzungu mmoja, kwa ajili ya mkubwa fulani wa ushirika. Paa lake ni bapa kama meza, ukuta mmoja mzima ni kioo, na ndani haina vyumba. Ukishaingia mlangoni umeimaliza nyumba yote. Tulipokuwa watoto tulidhani mafundi walitoroka kabla ya kuimaliza.

Niliporudi Tarime baada ya kuzunguka miji mingi, nikakuta mwalimu wa Kiswahili, mama mmoja kutoka Lindi, ameiomba nyumba hiyo kwa wenyewe na kuanzisha usomaji wa Jumamosi alasiri. Anayeandika anakuja na daftari lake, anasoma, kisha watu wanauliza maswali. Mimi nimeishia kidato cha nne, lakini popote nilipokaa niliandika. Mwalimu akanipa zamu yangu. Nikachagua kusoma habari za mke wangu, miezi yake ya mwisho, na siku aliyofariki hospitalini.

Jumamosi hiyo nimeshasimama mbele, daftari mkononi, ndipo nikaona kupitia kile kioo watu wawili wakipanda kutoka barabarani. Wa mbele alikuwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Wa nyuma, na khanga yake begani, alikuwa mkwe wangu, mama yao.

Nilitafuta pa kujificha. Vijana wa siku hizi wanakula meza moja na mama wakwe zao, lakini sisi tulilelewa vingine. Mkwe wangu na mimi hatujawahi kukaa chumba kimoja. Tunasalimiana kwa mbali, kila mmoja akitazama pembeni, na likiwepo neno linapitia kwa mtu mwingine. Sasa ndani ya nyumba ile, ningejificha wapi?

"Mwalimu, simamisha," mzee mmoja, dereva mstaafu, alisema kwa sauti. "Huyo anayekuja ni mkwe wake!"

"Kwani mkwe anauma?" mwalimu akauliza.

"Huku kwetu anauma, Mwalimu. Tena bila meno."

Watu wakacheka. Shemeji alifika mlangoni peke yake. "Shikamooni. Jamani, mama ametoka Machochwe tangu alfajiri. Amesikia mwanawe atasomwa. Tutafanyaje?"

Mmoja akasema itundikwe khanga katikati. Mwingine akasema mimi ndiye nitoke, nisomee nje dirishani kama muuza samaki. Mwisho mkwe wangu mwenyewe ndiye aliyeamua: alichukua kiti akaketi barazani, nje ya kioo, mgongo wake ukitugeukia. Zikafunguliwa luva za madirisha ya pembeni ili asikie, na shemeji akakaa kizingitini kumtafsiria kwa Kikurya, maana Kiswahili cha mkwe wangu ni cha sokoni tu.

Lakini mimi bado nisingeweza kusoma. Mle daftarini nimeandika jinsi nilivyomwogesha mke wangu, jinsi nilivyomsuka nywele. Maneno hayo hayatoki kinywani mwa mkwe mbele ya mkwe. Nikampa mwalimu daftari.

Alisoma vizuri kuliko ambavyo ningesoma mimi. Sauti yake ya Kusini iliyalainisha mambo niliyoyaandika kwa hasira. Alikuwa akitua kila baada ya sentensi mbili tatu, shemeji anatafsiri, na mgongo wa mkwe wangu unatikisika kidogo.

Kisha akafika kwenye siku yenyewe. Nilikuwa nimeandika kwamba nilikaa kitini karibu na kitanda, nimemshika mkono mpaka ukapoa. Haikuwa hivyo. Mchana ule sikuweza kukaa. Niliwaambia manesi naenda kununua maji, nikaenda stendi, nikapanda gari la Sirari bila shughuli yoyote, nikasimama mpakani nikitazama malori yanavyovuka kwenda Kenya. Niliporudi jioni, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka jipya. Mkwe wangu alipofika kesho yake, mvua zikiwa zimemchelewesha njiani, alinikuta mlangoni mwa wodi, na kila mtu akaamini kuwa sikutoka pale. Sikumkatalia mtu. Nilipokuja kuandika nikajiweka kwenye kile kiti, na baada ya kujisomea mara nyingi nilianza kuhisi ubaridi wa ule mkono.

Mwalimu alifunga daftari. "Maswali?" akauliza, kama ilivyo desturi.

Kule nje mkwe wangu alisema kitu, taratibu. Shemeji akainuka, akaja mpaka niliposimama.

"Mama anauliza," alisema. "Mwishoni, alimwita nani?"

Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kusema alimwita Mungu, au alilala tu. Nilitazama daftari mikononi mwa mwalimu.

"Mwambie sikuwepo," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Kweli sikuwepo, shemeji. Nilikuwa Sirari."

Waliokaa mstari wa mbele walisikia. Shemeji alinitazama, na sijawahi kutazamwa hivyo na mtu wa nyumba ile. Kisha akarudi kizingitini, akainama, akasema kwa Kikurya, polepole, kila neno likasikika mle ndani:

"Anasema alikuita wewe, mama. Mara mbili."

Hakuna aliyemrekebisha. Wote wanajua Kikurya isipokuwa mwalimu, aliyekuwa akigeuka huku na huku akinong'ona, "Amesemaje? Amesemaje?" Dereva mstaafu alikuwa akitazama viatu vyake.

"Ee," mkwe wangu akaitikia bila kugeuka. "Nilijua." Akavuta khanga akajifunika kichwa.

Kati yangu na yeye palikuwa na hatua nne na kioo. Kama ningetaka kumwambia ukweli, ingenibidi nimtume mtu wa nyumba yao, na wa kutuma alikuwa mmoja tu, shemeji yule yule.

Watu walipoanza kuinuka, shemeji alipita karibu nami akielekea ndani kumchukulia mama yake maji. "Shemeji," akasema, wala hakunitazama tena, "wewe panga viti."

Nikapanga viti.