Mabati ya Daraja la Mama Zawadi

Video ndiyo iliyonitoa Mbeya. Mchungaji mmoja niliyesoma naye sekondari aliituma kutoka kijiji kilicho mbele ya Kalenga. Daraja lao la waenda kwa miguu, lililoning'inizwa kwa kamba za chuma, lilikuwa linajipinda huku na huku kama nguo inayokamuliwa. Chini aliandika, "Wewe si ndiye mhandisi? Njoo kabla hatujazika." Kazi yangu ni kukokotoa mitikisiko ya minara na madaraja, kwa hiyo niliomba ruhusa siku ileile.

Makambako, basi liliposimama ili abiria wapate chakula, upepo ulininyang'anya kilemba na watu wakacheka. Mimi nilikuwa nawaza daraja. Daraja jepesi namna ile upepo haulisukumi tu. Likishaanza kujipinda, upepo hupata pa kushikia, ukalipinda zaidi. Kasi ya upepo ikifika kiwango fulani, ikizidi kidogo tu, mtikisiko huzidi mno, na hapo kamba hukatika.

Iringa nililala. Asubuhi Mchungaji alinibeba kwa pikipiki, tukaipita Kalenga na mashamba yake ya mahindi hadi mtoni. Kosa nililiona kabla sijashuka: pande zote mbili za daraja zilikuwa zimezibwa kwa mabati, kimo cha kiuno, mwanzo hadi mwisho.

"Nani kafanya ujinga huu?" nikauliza.

"Punguza sauti," Mchungaji akasema. "Ni Mama Zawadi, yule anayekuja."

Mama huyo alinipa mkono kwa unyenyekevu. "Kamwene," akanisalimu kwa Kihehe, nami nikaitikia, "Kamwene, mama." Mchungaji akanieleza palepale, mbele yake. Zawadi, bintiye, aliteleza akitoka shule, akapita katikati ya nyaya za pembeni, maji yakamchukua. Baada ya msiba, akina mama wa usharika walileta kuku, maharage na mahindi kwenye mnada wa baada ya ibada, na mabati yakapatikana. Tangu hapo hajaanguka mtoto mwingine. Nilitamani ardhi inimeze.

Mchana tulikula ugali kwake. Hakunizungusha.

"Umekuja kuyang'oa, siyo?"

Nje, kwenye kamba ya kuanikia, palikuwa na blanketi na chandarua. Upepo ulipokuja, blanketi lilijaa, likaivuta kamba hadi nguzo ikalia. Chandarua kilichezacheza tu.

"Mabati ni hilo blanketi, mama. Daraja likijipinda, kamba zinazoshikilia mbao zinalegea, halafu zinakazwa kwa ghafla. Mbili zimeshakatika."

"Na kwenye chandarua mtoto hapiti?"

"Hapiti. Tutaweka wavu wa waya."

Alikusanya makombo ya ugali kwa kidole. "Basi bati la kwanza nitalifungua mimi," akasema. "Asiliguse mtu mwingine."

Jumapili, baada ya ibada, mnada ulirudi. Mama Zawadi alileta jogoo. Kila aliyemnunua alimrudisha auzwe tena, mpaka jogoo mwenyewe akachoka kuwika. Wavu ukapatikana. Wiki hiyo mafundi wa kijiji waliyashusha mabati, wakabadilisha kamba zilizokatika, na tukalifunga daraja kwa kamba nyingine hadi kwenye kingo za mto, lisijipinde tena.

Siku ya mwisho, upepo wa alasiri ulipoanza, Mama Zawadi alinishika mkono. "Tuvuke, mwanangu."

Daraja lilitikisika kidogo, likatulia. Katikati alisimama, akatazama chini kupitia wavu.

"Tangu msiba sijayatazama maji haya," akasema. "Nilisema mabati ni ya watoto. Kumbe nami nilikuwa najificha."

Akalia. Nami nikalia, wala sioni aibu kusema. Mchungaji alijifanya anakagua wavu.

Nikirudi Mbeya, pale Makambako nilikishika kilemba changu kwa mikono miwili. Upepo nimeujifunza miaka mingi. Safari hii nilijifunza kwamba kabla ya kuliita bati ujinga, ni vizuri kumwuliza aliyelipigilia alikuwa anamlinda nani.

Juzi Mchungaji kanitumia picha. Kwa mabati yale wamejenga kibanda mwanzo wa daraja, watoto wa shule wasubirie humo upepo mkali upite. Anasema hawakukipa jina, lakini watoto wenyewe, ukiwauliza wanasubiri wapi, wanajibu, "Kwa Zawadi."