Wapangaji wa Kuazima

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bwana Funguo alilijua hilo vizuri, ndiyo maana nyumba yake ya vyumba vinne aliitembeza kwelikweli.

Jina hilo lilimganda tangu alipokuwa akichonga funguo kwenye kibanda cha mabati. Kutoka kwenye kibanda kile alikwenda akinunua nyumba chakavu za kupangisha, akizikarabati na kuziuza, hadi akafika nyumba ya tano. Hiyo ya tano aliikagua Jumapili, kosa ambalo angemcheka mtu mwingine kwa kulifanya. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi karakana ya vyuma iliyo nyuma ya ukuta ikafunguliwa, mashine za kukata nondo zikaanza kulia, vikombe vikatetemeka kabatini. Miezi mitatu haikuisha, wapangaji wote wakawa wamehama.

Nani atanunua nyumba tupu? Akaazima wapangaji. Mpwa wake akapewa chumba cha pili, shemeji yake cha kwanza, na viwili vilivyobaki wakaingia fundi rangi na dada mmoja mshonaji. Magodoro yalikuwa yao, nguo kwenye kamba zilikuwa zao, ila kodi ilitoka mfukoni mwa Bwana Funguo. Mpwa alifundishwa hata kunung'unika kwamba kodi iko juu, maana nyumba ambayo hakuna anayelalamika humtia mnunuzi wasiwasi.

Mnunuzi alikuwa muuguzi mstaafu, mwenye kiinua mgongo mkononi na maswali kwenye daftari, naye aliletwa kuiona nyumba Jumapili. Wapangaji wana muda gani? Paa lilibadilishwa lini? Chumba kikiachwa, hukaa kitupu kwa muda gani? Kuhusu paa alijibiwa kweli. Kuhusu wapangaji aliambiwa miaka mitatu, na kuhusu chumba kitupu Bwana Funguo alicheka tu. "Dada, vyumba vya hapa havipoi."

Walioazimwa walikaa mwezi mmoja baada ya mauzo kama walivyoagizwa, kisha wakaondoka mmoja mmoja, wakiaga kwa adabu.

Miezi mitano baadaye muuguzi alibisha hodi nyumbani kwa Bwana Funguo. Mwenyeji alikuwa ameshaandaa majibu ya ugomvi, kwamba biashara ni biashara na aliyenunua amenunua. Lakini mama huyu hakuja kugomba. Alikubali chai, akaweka mkoba magotini, akaeleza kwamba wapya huingia wakakaa wiki mbili, wakashindwa na kelele, wakahama. Ameshusha kodi. Ameweka taa uani. Choo anakisugua mwenyewe.

"Sasa kaka, mimi nimewaza hivi," alisema. "Wale wa kwanza walizivumilia zile mashine miaka mitatu. Basi kilichowafukuza si kelele. Ni mimi."

Akahesabu makosa yake. Alimkaripia yule kijana wa chumba cha pili kwa kubamiza mlango. Alimkataza mshonaji kumwaga maji uani. Miaka thelathini ya wodini, alisema, imemzoesha kuamrisha watu kama wagonjwa. Kisha akatoa bahasha nne. Amewaandikia kuwaomba radhi, na kwa kuwa kaka aliwafahamu, pengine anajua walikohamia. Wasiporudi, mwisho wa mwezi ataiuza nyumba kwa bei yoyote na kutafuta zamu kwenye zahanati, na miguu yake ile iliyovimba.

Bwana Funguo alizipokea bahasha. Na hapo hapo, kabla chai haijapoa, kichwa chake kikapiga hesabu ya kuinunua tena ile nyumba kwa nusu bei. Hesabu ilikuwa sahihi. Ndiyo iliyomtia aibu.

Mpwa alipopewa barua yake aliisoma akicheka hadi katikati. Akaikunja. "Mjomba, mpelekee jibu mwenyewe," alisema. "Mimi nilibamiza ule mlango kwa sababu uliniambia nijifanye mkorofi kidogo."

Kesho yake Bwana Funguo akaenda. Alimkuta muuguzi uani na ufagio, siku ya kazi, mashine zikilia ng'ambo ya ukuta. Maneno ambayo mtu huyanong'ona yeye alilazimika kuyapigia kelele: hawakuwa wapangaji, walikuwa ndugu zake na jamaa zake, aliwaweka yeye.

"Sema tena," alisema muuguzi.

Akarudia, kwa sauti zaidi.

"Sema tena."

Akarudia mara ya tatu, asijue kama mama hasikii au anamsikia vizuri mno.

Muuguzi aliegemeza ufagio ukutani. "Kwa hiyo sikumfukuza mtu," alisema, kama anayejisemea. Uso ukalegea kidogo, na ule unafuu wake ulimchoma Bwana Funguo kuliko tusi lolote. Kisha uso ukakazana. Akataja bei ya kumrudishia nyumba: aliyonunulia, na rangi, na taa za uani, na miezi mitano ya vyumba vitupu.

Maisha yake yote Bwana Funguo hakuwahi kukubali bei ya kwanza. Ulimi ulikwenda wenyewe. "Dada, hapo si tungepunguza kid—"

Muuguzi aliuchukua tena ufagio wake. Bwana Funguo akalipa bei ya kwanza, yote, wiki ile ile, akauza kiwanja chake kimoja ili itimie.

Nyumba anayo mpaka leo. Amepata wapangaji wawili, madereva wanaotoka alfajiri na kurudi karakana ikiwa imefungwa. Anayekuja kuulizia chumba humwambia aje Jumatatu asikilize kwanza. Wengi hawarudi.

Muuguzi naye alinunua nyumba nyingine, upande mwingine wa mji. Inasemekana kabla ya kulipa alibeba mkeka akalala humo siku saba, bila kumuuliza mwenye nyumba swali hata moja. Bwana Funguo aliposimuliwa alitaka kusema kwamba huyo mama sasa ni mfanyabiashara. Akaona hata sifa hiyo haimhusu yeye kuitoa, akauliza habari nyingine.