Mayai ya Shomoro

Harufu ya mvule unaoungua ilijaa ua wetu wa Mpumudde, kule Jinja, mwezi ule Mama alipokwenda Mbale. Baba hakuwa na keekee ya kutobolea. Alitia nondo kwenye makaa ya sigiri mpaka ikawa nyekundu, kisha akaisukuma kwenye ubao, moshi ukatutoa machozi mimi na mdogo wangu Apolot. Nilikuwa na miaka tisa, yeye mitano. Baba, ambaye majirani walimwita Afande, alikuwa askari wa magereza, Mteso kwa kabila. Mama alikuwa Mgisu wa mlima Wanale, kule Mbale. Nyumbani tulisema Kiswahili, lugha pekee waliyoielewa wote wawili, ingawa majirani wakikisikia walikumbuka wanajeshi waliowatisha kwa lugha hiyo. Mama alikuwa mjamzito, miguu imevimba, akaenda kwa nyanya yetu ili awe karibu na hospitali. Baba hakupata likizo, basi akatupa kazi: kumjengea shomoro nyumba. Apolot alishika misumari, mimi nikapiga msasa, na bawaba za kifuniko tukazikata kwenye ngozi ya buti kuukuu. Tukakitundika kisanduku chetu kwenye mparachichi.

Shomoro walipoingia na majani makavu mdomoni, nilijiwekea sharti la kitoto: mayai yakianguliwa, Mama atarudi. Sikumwambia mtu. Barua zake zilikuja kila Jumamosi kwa mkono wa dereva wa teksi ya Mbale. Jumamosi moja haikuja, na iliyofuata pia. Baba alisema barabara imeharibika tu, lakini ugali wake ulibaki sahanini. Mchana mmoja nilishindwa kujizuia. Nikapanda kigoda, nikainua kifuniko. Shomoro akaruka, bawa likanipiga shavuni. Mayai manne, ya madoadoa. Alasiri nzima hakurudi.

Baba alinikuta chini ya mti nikilia. "Nimemuua Mama," nikamwambia. Alidhani nina homa, hadi nilipomweleza habari ya mayai. Akavua kofia, akaketi vumbini na yunifomu yake iliyopigwa pasi.

"Barabara haina shida," akasema. "Sijui kwa nini barua haiji. Mimi naogopa, mwanangu. Naogopa sana."

Apolot, aliyekuwa amemfuata nyuma, akamkazia macho. "Afande pia anaogopa?"

"Hata Afande."

Mficha maradhi kifo humuumbua, na hofu ni maradhi. Ajabu, pumzi ikanirudi. Asubuhi aliomba ruhusa tena, akapewa siku tatu, tukapanda teksi ya kwanza.

Tulimkuta Mama kwa nyanya, ameketi kitandani, amekonda, mikono mitupu. Mtoto alikuwa wa kiume. Walikuwa wamemzika siku nane kabla, naye hakuwa na nguvu za kushika kalamu. Aliporudi Jinja mwezi uliofuata, kisanduku kilikuwa na manyoya tu. Kama makinda waliruka au waliliwa, sikujua kamwe.

Leo naishi Mbale, na simu huniletea habari za Jinja kabla chai haijapoa. Hofu haijapungua; imepata kasi tu. Juzi simu iliniambia Baba amelazwa hospitalini. Mwanangu akauliza kama babu atapona. Neno "ndiyo" lilifika mdomoni, nikalimeza. Nikamwambia sijui. Akasogeza kiti chake karibu na changu, tukaisubiri simu pamoja.