Kimo cha Upande wa Abiria

Mtaani walimwita Mzee Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikutoka mfukoni mwake hata siku ya harusi. Picha ikiinama ukutani kwa jirani, hakumaliza chai mpaka ainyooshe. Alikuwa fundi magari mstaafu, na kama wastaafu wengi alifanya kazi zaidi kuliko zamani, ila sasa mteja alikuwa mmoja tu: gari lake mwenyewe, kuukuu, la kijani, lenye taa za duara, alilolinunua akiwa bado mchumba. Wenye ndimi zao walisema haijulikani alipenda nini kwanza, gari au mke. Uzushi mtupu. Alimpenda mke kwanza; gari lilimsaidia tu kufika kwao.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea kilitazamana na banda la gari.

Kila mwaka mvua zikiisha, mashimo yakishalichosha gari, mzee alilipima kimo. Kazi hiyo haitaki papara. Kwanza upepo wa matairi uwe sawa. Kisha gari lisimame kwenye sakafu aliyoisawazisha mwenyewe kwa pima maji. Akabonyeza pua, akabonyeza mkia, akaziacha springi zitulie zinapotaka. Ndipo akapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne. Na gari lisipimwe tupu. Halikutengenezwa kubeba hewa. Kwenye kiti cha dereva alikalisha gunia la mchanga lenye uzito wake, maana hakuna awezaye kukaa na kupima kwa wakati mmoja. Kwenye kiti cha abiria alikaa mkewe.

"Kwani na mimi huwezi kunijazia gunia langu, nikaendelea kushona?" mke alimuuliza kila mwaka.

"Wewe mchanga wa kukutosha nitautoa wapi, mama watoto?"

Hapo mke alicheka, gari likatikisika, na mzee akalazimika kuanza upya.

Mwaka huu alicheka vilevile, lakini upande wa abiria, ambao miaka yote ulilingana na wa dereva, ulikuwa juu. Ulizidi kwa nusu upana wa kidole tu, ila kwa Mzee Futi nusu kidole ni mlima. Akashuku springi. Akapiga jeki, akazibadilisha, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, akijua kwamba kosa likiwa la springi litahama nayo. Halikuhama. Akazilaumu raba zinazoegemewa na springi. Akailaumu sakafu, akailaza pima maji juu yake, na sakafu haikuwa na hatia.

"Ngoja nikaipue sufuria," mke akasema, akashuka taratibu, ameshika mlango.

Alipobaki peke yake, mzee alilitoa gunia akapima gari tupu. Pande zote mbili zilikuwa sawa kama mapacha. Akalikagua gunia, halikutoboka popote. Akaketi sakafuni, futi mkononi. Gari zima, gunia zima. Kilichobaki kilikuwa kimoja, na hakutaka kukitaja.

Mke alirudi, akakaa kitini pake. "Haya, endelea."

Mzee alichuchumaa mlangoni kwake. Gauni lilimkaa vizuri, kama siku zote, na hapo ndipo alipodanganyika. Aligusa mshono wa ubavuni. Kwa ndani kitambaa kilikuwa kimekunjwa, kikashonwa, kikakunjwa tena.

"Umepunguza nguo zako," akasema.

"Zilikuwa zinapwaya."

"Zote?"

Mke alitazama mbele. "Zote. Chakula hakipiti vizuri, mzee. Tangu kabla ya mvua. Nikadhani nitapona tu."

"Na mezani mbona nakuona unakula?"

"Zile nyama nilizokuwa nakuongezea kwenye sahani yako, ulidhani ni mapenzi matupu?"

Alijaribu kutabasamu. Methali ya mficha maradhi ilimfika mzee kwenye ulimi, akaimeza. Aliogopa, na woga wake ulichanganyika na hasira, yote juu yake mwenyewe. Kuinama kwa picha ya jirani alikuwa akikuona tangu mlangoni. Huyu alikuwa akimpungukia mbele ya macho yake, naye akitafuna nyama zake na kumsifu kwa mapishi.

Aliinuka, akazunguka, akaketi kwenye kiti cha dereva.

"Unaenda wapi?"

"Tunaenda hospitali."

"Na mikono hiyo ya grisi? Mimi mwenyewe nina nguo za jikoni. Na gari hujamaliza kuipima."

"Gari haina ugonjwa, mke wangu."

Alisema kwa upole, lakini sauti ilimkatika katikati. Mke alimsikia. Kwa muda alichezea uzi uliobaki begani kwake.

"Na wakiniambia neno baya?"

"Tutalisikia wawili. Sitaki ulisikie peke yako, na wala sitaki kubaki na gunia la mchanga humu ndani."

Mlango wake ulikuwa bado wazi, na mguu mmoja ulikuwa nje, umekanyaga sakafu. Mzee aliwasha gari. Hakumvuta, hakumsihi tena. Alishika usukani akasubiri, injini ikinguruma. Mwishowe mke akauingiza mguu ndani, akauvuta mlango, akaufunga.