Gauni Nimeliona, Wewe Sijakuona

Marta Szalai alizaliwa Hungaria, mjini Pécs, baba yake akiwa mpiga picha, na tangu utotoni hakupenda kuambiwa kazi yake ina kasoro. Doha alifika akimfuata mume mhandisi. Ndoa ikavunjika, mume akarudi kwao, Marta akabaki. Tuseme ukweli, alibaki kwa ukaidi tu, lakini ukaidi ulimfaa: kwenye harusi za Kiqatari upande wa wanawake hauingii mwanamume, kwa hiyo mwanamke mwenye kamera hakosi kazi.

Miaka kumi na mitatu alipiga picha magauni meupe kwenye kumbi zenye taa kali. Akajizoeza kupima mwanga kwa kitu cheupe kuliko vyote, kisije kikaungua, yaani kikapotea pichani kwa mwanga kuzidi.

Kisha akaitwa na Kawira, nesi Mkenya wa Al Rayyan, kando ya Doha, aliyekuwa anafunga ndoa kanisani. Marta akapima mwanga kwenye gauni kama kawaida yake. Kila shanga ilionekana. Picha zikatumwa Meru kwa mama yake Kawira, ambaye miguu haikumruhusu kusafiri.

Baada ya siku tatu Kawira alipiga simu. "Mama anasema hivi: gauni nimeliona, wewe sijakuona."

Marta alizifungua picha tena nyumbani kwake Al Thumama. Uso wa bibi harusi ulikuwa giza tupu. Alijaribu kuung'arisha kwenye kompyuta, ukageuka rangi ya majivu. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, kwa sababu miaka yote hiyo angeweza kuzitazama nyuso nyeusi za wageni wenzake na hakuzitazama.

"Nitapiga upya," alimwambia Kawira kwa Kiingereza.

"Madam, gauni lilikuwa la kukodi, limesharudi. Na harusi ndiyo ishapita."

"Basi nipe wiki mbili."

Kuanzia kesho yake alimwomba Eugene, mlinzi Mkenya wa jengo lao, akae dirishani kwake kila asubuhi akitoka zamu, na shati lake jeupe, ampige picha za kujaribia.

"Madam, leo tena nimekuwa kivuli?" Eugene alikuwa akimtania.

"Leo tena. Kesho uje."

Siku ya tisa Marta aliacha kulihangaikia shati. Akapima mwanga shavuni mwa Eugene. Mikunjo ya shati ilipotea yote, lakini uso ulikuwepo, na kovu dogo juu ya jicho, ambalo Marta hakuwahi kuliona. Eugene aliitazama picha muda mrefu.

"Huyu sasa ni mimi," alisema. "Hii naituma home."

Wiki mbili zilipotimia Kawira alikuja moja kwa moja kutoka kazini, na sare yake nyeupe ya unesi. Marta alimweka palepale dirishani. Sare ikamezwa na mwanga; ilimuuma Marta, lakini akaiacha imezwe. Picha ikatumwa Meru, na chai yao haijapoa simu ikalia. Kawira akaweka spika.

"Sasa nimekuona," mama alisema. "Mbona umekonda hivyo, mwanangu? Si kila siku unaniambia unakula?"

Kawira aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka. Marta, ambaye hajui Kiswahili, alishika kamera yake na kuuliza kama picha imekataliwa tena.

"Hapana," Kawira akamjibu, akijipangusa kwa mkono wa sare. "Ameniona."